Geti Kwanza, Nyumba Baadaye

Mgeni anayepanda Chome, kijiji cha milima ya Upare, kwa mara ya kwanza, akitokea joto la tambarare ya Same, hutazama migomba, hutazama ukungu wa kilele cha Shengena, kisha huuliza habari za nguzo. Ziko mbili mbili kando ya barabara ya udongo: ndefu kumzidi mtu, zimepigwa plasta na rangi ya maziwa, na juu ya kila moja limekaa tufe la zege lenye ukubwa wa boga. Nyuma yake mara nyingi hakuna kitu. Hakuna ukuta wala geti la chuma, na nyumba yenyewe bado ni msingi ulioota majani. Mbuzi akitaka anapita katikati ya nguzo, asipotaka anapita pembeni.

Wenyeji hawaulizi. Mwenye nguzo yuko Dar es Salaam, au Arusha, au ana duka la vipuri mpakani Tunduma. Desemba alikuja kula sikukuu na wazazi, akaacha hela ya nguzo, akarudi kutafuta. Desemba nyingine atanyanyua kuta, nyingine atapaua, Mungu akimjalia. Mjini watu huanza na fensi ili kiwanja kisivamiwe. Huku juu ardhi ni ya ukoo na kila mtu anajua mgomba upi ni wa nani, kwa hiyo nguzo hazimlindi mtu dhidi ya mvamizi. Zinawaambia wapita njia kwamba yule kijana wa kwa mzee fulani hajapotea huko alikokwenda.

Kwa kusema hivyo kabla ya nyumba kuwepo, nguzo za Chome zimeingia katika ukoo mkubwa kuliko zinavyojijua. Nchi iliyohangaika na nguzo za geti kuliko zote ninazozifahamu ni Uingereza, na tufe lile la zege lina babu zake huko.

Katika karne ya 17, na zaidi ya 18, mabwana wakubwa wa Uingereza walizungushia mashamba yao kuta za mawe zilizokwenda maili na maili. Ndani kulikuwa na jumba, bustani, msitu wa kuwindia na makonde ya wapangaji. Jumba lenyewe lilijengwa mbali na barabara, wakati mwingine mbali kiasi kwamba mpita njia hakuliona maisha yake yote. Alichokiona ni pale ukuta ulipokatika, zikasimama nguzo mbili za mawe ya kuchonga na geti la chuma katikati. Kwa mtu huyo, bwana mkubwa alikuwa ni nguzo hizo.

Kwa hiyo walizigharamia. Castle Howard, huko Yorkshire, iliyoanza kujengwa mwaka 1699, msanifu wake John Vanbrugh aliiwekea mwaka 1719 lango lenye piramidi juu yake, katikati ya barabara iliyonyooka kama uzi, na kabla hujalifikia unapita chini ya lango jingine lenye kuta za bandia mfano wa ngome. Vita havikutarajiwa hapo. Ilikuwa ni kumtayarisha mgeni, afike mlangoni akiwa tayari ameshanywea. Kwenye jumba la Blenheim, karibu na Oxford, mjane wa Duke wa Marlborough aliagiza tao kubwa la mawe mwaka 1723, mwaka mmoja baada ya mumewe kufariki, likaandikwa sifa za marehemu kwa Kilatini upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Anayeingia husoma kwanza, ndipo apite.

Juu ya nguzo waliweka matufe ya mawe, mitungi, tai, simba na wanyama wengine wa nembo za koo zao. Waliweka pia mananasi. Msomaji wa Kiwangwa, Bagamoyo, ambako nanasi huuzwa kando ya barabara kwa fungu, atacheka, lakini katika Uingereza ya wakati huo nanasi lilikuwa tunda la wenye nchi. Kulikuza kulihitaji banda la vioo lenye kupashwa joto usiku na mchana, na waliokosa uwezo huo walilikodi likae mezani wakati wa karamu, kisha wakalirudisha kwa mwenyewe. Nanasi la jiwe juu ya nguzo lilimaanisha kwamba humu ndani yapo ya kweli, au angalau kwamba mwenye nyumba angependa uamini hivyo.

Pembeni ya geti palikuwa na nyumba ndogo ya bawabu. Bawabu aliishi hapo na mkewe na watoto, na kazi yao ilikuwa kusikiliza kwato za farasi. Gari la bwana likikaribia geti liwe limeshafunguliwa, iwe saa sita za mchana au saa nane za usiku wa baridi. Mara nyingi mama na watoto ndio waliotoka kulifungua, kwa kuwa baba alikuwa na kazi nyingine shambani. Wasifu wa mabwana umejaa maktabani, wa mabawabu hautoshi kujaza rafu.

Na hela ilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka kwenye kodi za wapangaji. Sehemu nyingine ilitoka mbali. Harewood, huko huko Yorkshire, ilijengwa na ukoo wa Lascelles uliotajirika kwa sukari ya visiwa vya Karibi, iliyolimwa na watumwa kutoka Afrika. Mwaka 2020 National Trust, shirika linalotunza majumba ya kale nchini humo, lilichapisha ripoti iliyotaja maeneo 93 kati ya yale linayoyatunza kuwa yana uhusiano na utumwa au ukoloni. Ripoti ilizua kelele bungeni na magazetini. Wapo waliokuwa wamezoea kulitazama tufe la jiwe bila kuuliza limelipiwa na nani.

Huku kwetu umbo hilo lilifika kwa njia ambayo si vigumu kuikisia. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge katika koloni la Wajerumani, ikanusurika 62 tu, na kutoka hiyo 62 yakazaliwa mashamba ya Tanga, ya bonde la Pangani, na ya tambarare iliyo chini ya Upare. Reli iliyoanzia Tanga ikapita Same na kufika Moshi mwaka 1911. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Waingereza. Mashamba mengi ya mkonge yalikuwa na nguzo mbili zilizopakwa chokaa na ubao wenye jina la kampuni, na kutoka hapo barabara nyeupe ikielekea kwenye nyumba ya meneja. Wanaume wa Kipare walioteremka kutafuta hela ya kodi walizipita nguzo hizo wakienda kukata mkonge. Baadaye zikaja nyumba za maofisa na za wafanyabiashara mijini, zikiwa na nguzo zile zile. Naamini kijana wa Chome anapomwambia fundi ampige tufe juu anakumbuka Oysterbay au Masaki. Yorkshire hajapata kuisikia, lakini Oysterbay yenyewe ilikuwa mtaa wa maofisa wa Kiingereza.

Kabla ya zege, lango la boma la Mpare lilikuwa masale.

Asiyeyajua masale ayafikirie hivi: mti mwembamba wenye majani marefu ya kijani kibichi, shina lenye pingili za makovu ya majani yaliyodondoka. Wataalamu wa mimea wanauita Dracaena. Ukikata kipande ukakichomeka ardhini wakati wa vuli kinashika. Ukiuchoma moto unachipua tena, ukiukata unatoa matawi mawili. Ni kwa sababu ya ukaidi huo Wapare, na jirani zao Wachaga, waliufanya kuwa mti wa mpaka. Ulipandwa kwenye mpaka wa shamba, kwenye kaburi la mzee, na huku na huku mwa njia iingiayo nyumbani. Mtu aliyemkosea mwenzake alikwenda kuomba msamaha akiwa na jani la sale mkononi, na kulikataa lilikuwa jambo zito kuliko kosa lenyewe. Michael Sheridan, mwanaanthropolojia wa Chuo cha Middlebury cha Marekani aliyefanya utafiti wake Upare Kaskazini, ameandika kwa kirefu kuhusu mimea ya namna hii, na moja ya hoja zake ni kwamba mmea wa mpaka hubeba mengi kwa wakati mmoja: umiliki, amani, mababu.

Masale mawili ya langoni hayafungwi wala kufunguliwa. Ukifika hapo unasimama, unapiga hodi, unasubiri. Mwenye nyumba akiitika unaingia. Akinyamaza unajua hayupo au hakutaki. Mtoto wa miaka mitano anajua kwamba kupita hapo kimya kimya ni utovu wa adabu, na hakuna kufuli lililomfundisha.

Tusiyapambe mno masale, hata hivyo. Utani wa Watanzania kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku haukuanzia hewani, na kesi nyingi za milimani ni za mipaka. Sale likiota hatua moja upande wa pili, watu hufikishana kwenye baraza la kata, wazee wakaitwa kutoa ushahidi nani alipanda, lini, na nani alikuwepo. Mti usiokufa ni shahidi mzuri, ila ni shahidi anayeweza kuhamishwa usiku.

Mahali pengine Afrika Mashariki palikuwa na malango yaliyojengwa kwa fahari. Kasubi, jijini Kampala, kwenye makaburi ya makabaka wa Buganda, unaingilia kwenye nyumba ya lango iitwayo Bujjabukula: nguzo za miti, paa la nyasi, kuta za matete yaliyosukwa. Ufundi wake uko kwenye hayo matete. Walinzi walikaa nyuma yake, wakimwona kila ajaye bila yeye kuwaona. Muzibu Azaala Mpanga, jengo kuu lenye makaburi, liliungua Machi 2010, na UNESCO ikaliweka eneo zima kwenye orodha ya urithi ulio hatarini hadi mwaka 2023. Huko Migori, Kenya, kuta za mawe makavu za Thimlich Ohinga, zilizopangwa bila udongo wala saruji, zina milango mifupi kiasi kwamba mtu mzima huinama ili apite, na jiwe refu limelazwa juu yake kubeba uzito. Mwenye nia mbaya akiingia anatanguliza kisogo. Kwa kumnyenyekeza mgeni, naona mlango huo unalishinda tao la Blenheim, na haukuhitaji Kilatini.

Turudi kwa fundi wa Chome, maana kazi yake haijasifiwa inavyostahili. Huchimba shimo la kwenda chini kadiri ya urefu wa mguu, kwa sababu udongo wa mteremko hutembea wakati wa masika. Husimamisha nondo nne, huzifunga kwa ringi, kisha hujenga tofali kuzizunguka huku akimimina zege katikati. Kila mfuko wa saruji umepanda mlima kwa nauli, na mchanga vilevile, kwa hiyo uwiano wa ndoo za mchanga kwa mfuko hupanda kidogo kila anapoona mwenye kazi hayupo. Kofia ya nguzo humiminwa kwenye boksi la mbao. Tufe ndilo lenye ujanja. Fundi huchukua mpira wa plastiki wa watoto, akaukata nusu mbili, akaupaka oili chafu kwa ndani, akashindilia zege, akaacha likauke. Nusu mbili huunganishwa kwa saruji iliyolainishwa, kipande cha nondo kikipita katikati hadi kwenye kofia. Plasta huficha kiunganishi. Baada ya masika mawili matatu ukisogea karibu unakiona kimerudi, mstari mwembamba unaozunguka tufe kiunoni.

Mawe ya Uingereza nayo yana ugonjwa wao wa chuma. Pini zilizoshika geti ziligongomewa ndani ya jiwe, zikamiminiwa risasi iliyoyeyushwa ili zisicheze. Maji yakipenya chuma hupata kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo nguzo hupasuka kutokea ndani. Mafundi wa ukarabati huko hung'oa chuma cha zamani na kuweka kisichoshika kutu. Mwenye nguzo Chome aliyeona ufa ukishuka kwenye plasta kutoka kwenye bawaba asidhani amerogwa. Nondo imefikiwa na maji.

Kwenye simba nina neno. Vijana wenye hela zaidi wameanza kupandisha simba wa zege kutoka mjini, wawili wawili, wamefungwa kamba nyuma ya pikapu. Simba hao hawafanani kabisa na wa Mkomazi, hifadhi iliyo pale chini, ambako madume mengi hayana manyoya ya kujivunia. Hawa wana nywele za mawimbi na uso wa mzee aliyekatishwa usingizi, kwa kuwa asili yao ni nembo za Ulaya. Mkomazi kwenyewe kuna lango pia. Mwaka 1988 wafugaji waliondolewa ndani ya pori hilo, mwaka 2008 likawa hifadhi ya taifa, na leo wageni huingilia geti la Zange, nje kidogo ya mji wa Same, wakilipa kiingilio. Bibi mmoja akiniambia kwamba alichunga huko utotoni sina la kumjibu.

Hapo ndipo lango linapogusa jambo ambalo Chome haijalizungumza vizuri, nalo ni njia. Boma la Mpare halikuwa kisiwa. Njia ya kwenda mtoni, kanisani, shuleni au kwenye ndiva ilikatiza viwanja vya watu. Ulipita nyuma ya jiko la mama mmoja, ukamsalimu, ukatokea kwenye migomba ya mwingine. Masale yaliruhusu hilo. Geti la chuma lenye kufuli, mwenyewe yuko Tunduma, haliruhusu. Mama mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe anazunguka mteremko mzima kwa sababu ya nyumba isiyo na mtu ndani miezi kumi na moja ya mwaka. Wapare wana uzoefu mkubwa wa kugawana kinachopita. Ndiva, yale mabwawa madogo ya kumwagilia, hukusanya maji usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu, na mlango wa ndiva umelindwa kwa kanuni kali kuliko geti lolote. Kwa njia za miguu kanuni ilikuwa mazoea tu, na mazoea hayana pa kushika mbele ya kufuli.

Waingereza waligombania jambo hili hili. Aprili 24, 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa viwandani, walipanda mlima wa Kinder Scout bila ruhusa. Ulikuwa ardhi ya Duke wa Devonshire, umetengwa kwa ajili ya kuwindia ndege. Watano walifungwa jela. Sheria ya mwaka 1949 ikaziagiza halmashauri kuchora ramani rasmi za njia za miguu, na njia iliyoingia kwenye ramani haifungwi kwa matakwa ya mwenye shamba. Hivi leo mtu anaweza kukatiza shamba la bwana mkubwa na mbwa wake, akaingilia kijigeti cha pembeni, huku nguzo kubwa zenye simba zikitazama barabara kuu.

Majumba yenyewe, wakati huo, yalikuwa yanaanguka. Kodi ya mirathi iliyoanza mwaka 1894 ilipanda vita baada ya vita, watumishi wakakimbilia viwandani, warithi wakashindwa hata kuziba paa. Mwaka 1974 jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lilifanya maonyesho ya majumba yaliyobomolewa, na orodha ilipita elfu moja. Mageti mengi ya chuma yalikuwa yameshakwenda: mwaka 1941 serikali iliagiza vyuma ving'olewe kwa ajili ya vita, vikabakizwa vile tu vyenye thamani ya kihistoria. Kwa hiyo Uingereza nayo ina nguzo zake zilizosimama peke yake katikati ya malisho, ng'ombe wakijikuna kwenye kona za mawe. Kule nyumba imekufa lango likabaki. Chome lango limezaliwa nyumba inangojewa. Ukitaka kujua palipokuwa na boma la zamani Upare, hata hivyo, hutafuti jiwe. Unatafuta masale mawili yaliyokaribiana kichakani.

Uskoti kuna lango maarufu kuliko yote kwa kutofunguliwa. Ni la jumba la Traquair, lenye dubu wawili wa mawe juu ya nguzo. Lilifungwa mwaka 1745, baada ya Charles Edward Stuart, aliyekuwa akipigania kiti cha enzi cha Uingereza, kupita, na mwenye jumba akaapa kwamba halitafunguliwa mpaka ukoo wa Stuart urudi kwenye kiti cha enzi. Haukurudi. Lango limefungwa hadi leo, na familia hutumia njia ya pembeni.

Tukirudi kwenye njia za Chome, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na sioni kinachouzuia mkutano wa kijiji kukaa, wazee wakataja njia za miguu moja baada ya nyingine, mtendaji akaziandika. Wapo ambao hawakungoja mkutano. Katika boma moja nililoliona, kijana alipeleka hela ya nguzo, geti na fensi ya matofali. Baba yake akamwambia fundi aanze ukuta hatua mbili kutoka kwenye nguzo ya juu, pale yaliposimama masale ya bibi, kwa kuwa watu wa mtaa wa pili hupita hapo kwenda kisimani. Fundi alibisha kwamba fensi yenye pengo si fensi. Mzee akamjibu kwamba hela ni ya mwanawe lakini njia si yake. Geti la chuma hufunguliwa gari linapofika Desemba. Siku nyingine zote watu hupita kwenye masale, mama wa kijana huyo akiwa mmoja wao.